Ma Eufrazia Kokusima na Karai la Jioni

Leo, tarehe 30 Juni 1994, Ndugu Eufrazia Kokusima, ambaye hapa kiwandani hakuna anayemwita vingine ila Ma Eufrazia, anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Vyungu Ijuganyondo kwa miaka ishirini na mitano na siku kumi na mbili. Hizo siku kumi na mbili amezihesabu mwenyewe na akataka ziandikwe. Alisema kazi aliyoifanya isipunguzwe hata siku moja, na tumemtii.

Mwezi uliopita Kamati ya Sherehe ilimwuliza angependa zawadi gani. Wastaafu waliomtangulia waliomba mabati, blanketi, baiskeli, na mmoja aliomba mbuzi akapewa kuku. Ma Eufrazia aliomba kitu ambacho hakiuzwi dukani. Aliomba kwamba siku yake ya mwisho anawe mikono pamoja nasi katika karai kubwa, lile la pale nje karibu na tanuri. Kamati ilikaa mara mbili juu ya ombi hilo, ikaliahirisha mara mbili, kisha ikanunua redio. Redio ni nzuri na ina betri zake. Lakini mwandishi wa wasifu huu, Muhidini, bwana stoo wenu wa miaka yote, ana neno juu ya karai, na atalisema likifika mahali pake.

Ma Eufrazia alizaliwa Rubya mwaka 1939. Mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu vya kupikia na mitungi ya maji, na binti alijifunza akiwa bado anayumba na miguu ya utoto. Aliolewa Ijuganyondo na marehemu Ta Byabato, fundi baiskeli, mtu mpole aliyependa kucheka kabla hujamaliza kumweleza jambo. Tarehe 18 Juni 1969 Bruda Ildefons, mwasisi wa kiwanda hiki, alimwajiri baada ya kumpa bonge la udongo na kumwambia afinyange chochote. Alifinyanga mtungi, akaujaza maji siku ulipotoka motoni, akauweka mezani pa Bruda asubuhi, akaurudia jioni. Meza ilikuwa kavu. Kwa Ma Eufrazia huo ndio ulikuwa mtihani wa chungu, na hakuwa na mwingine.

Ndiyo maana mwaka 1974 alitutia taabuni. Mwaka huo Bruda Ildefons alirudi kutoka masomoni ng'ambo akiwa na kitabu cha picha na maradhi mapya ya kupenda vijimti. Wenzetu wa ng'ambo, alitueleza, huuchukua mti wa kawaida, wakaukata mizizi na matawi kwa subira, wakaukuza ndani ya chungu kifupi mpaka ukawa mzee wa miaka hamsini usiofika kiwiko cha mtu. Huitwa bonsai. Hapa kwetu mtu mwenye kibanja huomba mgomba wake urefuke na mkungu uiname kwa uzito. Leo anakuja msomi kutuambia kuna watu wanaoona raha mti ukidumaa. Bruda hakujali. Alikwenda akachukua kitawi cha mti wa lubugo, ule ambao wazee waliyatwanga magome yake kuwa nguo, akakipanda kando kwenye kopo, na akatuagiza vyungu.

Chungu cha bonsai ni kitu cha ajabu kwa mtu aliyelelewa na mitungi. Ni kifupi na kipana kama sinia lenye kingo, kina miguu minne, na chini kina matundu mawili ya kutolea maji. Ma Eufrazia alifinyanga vile ishirini vya kwanza kwa ustadi ambao Bruda aliusifu mbele yetu sote. Alivitoboa kama alivyoagizwa. Vikawekwa kivulini, vikafunikwa majani makavu ya migomba ili vikauke taratibu. Halafu kila jioni, watu wakishaondoka, Ma Eufrazia alipita akavifunua kimoja kimoja na kuyaziba yale matundu kwa udongo laini. Alidhani Bruda, kwa kuwa ni msomi, amekosea kusoma picha, na yeye alikuwa akimsitiri. Vyungu vikachomwa, vijimti vikapandwa, masika ikanyesha kama inavyonyesha Bukoba, na ndani ya mwezi mmoja vijimti vyote ishirini vilikuwa vimeoza mizizi. Siku ukweli ulipojulikana Bruda alicheka mpaka akavua miwani. Ma Eufrazia hakucheka. Alirudi kwenye udongo, akafinyanga vyungu ishirini vingine vyenye matundu ambayo kidole gumba kilipita bila kugusa.

Tangu hapo hakuna aliyemfikia. Miguu ya vyungu vyake haikupinda. Kingo zake zilikuwa na unene mmoja kuzunguka, na ungeweza kufumba macho ukazipapasa usione mahali mkono ulipoanzia. Wapenda vijimti wa ng'ambo walianza kuandika barua, na makasha yetu yaliyojazwa majani ya migomba yakaanza kupanda meli ya Mwanza.

Hapa mgeni anayesoma wasifu huu aelezwe jambo moja la kazi yetu. Udongo mpya kutoka bondeni hauwezi kufanya chungu cha bonsai. Unapasuka kwenye miguu. Ni lazima uchanganywe na udongo wa zamani uliolala shimoni miaka, mweusi, wenye harufu inayomfukuza mgeni, nasi tunauita mama. Shimo letu halimalizwi. Unachota, unaongeza mpya, mama anabaki. Kadhalika maji ya kunawia hayamwagwi nje. Kila jioni wote tunanawa katika karai moja, na maji yale yenye tope la mikono yetu yanarudishwa shimoni, kwa sababu Bruda hakutaka hata chembe ipotee. Kwa hiyo katika shimo lile imo mikono ya kila aliyewahi kufanya kazi hapa.

Oktoba 1978 vita vilipotufikia, na ndege zikaja juu ya mji, Bukoba ilihama. Kila mtu alibeba alichokiona cha thamani. Mwandishi alibeba redio isiyo na betri. Jirani alibeba mlango. Ma Eufrazia alimkabidhi Ta Byabato watoto wawili na matandiko, akarudi kiwandani mbio, akachota mama shimoni, akaufunga kwenye gunia lililoloweshwa na kuutwika kichwani. Tulitembea msafara mmoja siku tatu kuelekea Rubya kwao. Njia nzima mwandishi alimtania kwamba wenzake wanakimbia na mali, yeye anakimbia na matope. Alijibu kwamba redio ile haisemi, na matope yake yanasema. Rubya aliuweka udongo ule nyuma ya nyumba ya mama yake na kuunyunyizia maji kila jioni muda wote wa vita.

Tuliporudi mwaka uliofuata, shimo letu lilikuwa limekauka na kujaa takataka za waliolala humo kiwandani. Tulilisafisha. Ma Eufrazia alishuka shimoni na gunia lake, akaubandika mama pale katikati, bonge lisilozidi kichwa cha mtoto, akaanza kuukanyaga pamoja na udongo mpya. Rafiki yake Zuena alivua viatu akashuka naye. Walikanyaga wiki nzima wakiwa wameshikana mabega, wakiimba nyimbo za harusi. Kiwanda hiki kilifufuka kutokana na bonge lile, na vyungu vyote vya miaka ya themanini ni watoto wake.

Nakala ambayo Kamati iliisoma na kuipitisha inaishia hapo, kisha inaruka moja kwa moja kwenye shukrani. Haya yanayofuata nimeyapiga chapa mwenyewe, na nimeacha kujiita mwandishi, maana niliyoyafanya niliyafanya kwa jina langu.

Miaka ile mnaikumbuka. Mwanzo watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la vitambaa walivyokuja navyo wafanya magendo, na baadaye ndipo tukajifunza kuuita UKIMWI. Kila wiki kulikuwa na msiba, na wiki nyingine misiba miwili katika njia moja. Desemba 1987 Ta Byabato alifariki baada ya kukonda kwa muda mrefu. Alikufa kwa nini, mimi sijui. Ma Eufrazia hakusema, na haikuwa haki yetu kuuliza. Lakini sisi tulikwisha kujijibu.

Mwezi wa pili, 1988, alipokuwa amerudi kazini kutoka matangani, uzi wa kukatia udongo ulimkata kidole. Damu iliyodondoka kwenye udongo haikujaza hata kijiko. Yeye mwenyewe aliliondoa bonge lililoguswa na damu akalitupa. Kesho yake asubuhi watu hawakutaka kushuka shimoni. Bruda Ildefons alikuwa amelazwa hospitali. Tukaitisha mkutano, watu kumi na mmoja bila yeye, Ma Eufrazia akiwa amekaa kwenye benchi la mwisho, na wote tukawa tunatazama miguu yetu.

Nikasimama mimi. Ningependa kuandika kwamba alisimama mwingine, lakini kitabu cha mihutasari kipo na jina langu limo. Nilisema kwa Kiswahili kizuri cha mikutano kwamba, kwa usalama wa wote, na bila nia yoyote mbaya, Ndugu Eufrazia apewe sehemu yake ya kufanyia kazi, udongo wake na karai lake, kwa muda. Mikono kumi na moja ikanyooshwa. Zuena aliunyoosha wake wa mwisho, na akaushusha upesi, lakini aliunyoosha. Ma Eufrazia aliuliza kitu kimoja tu, kama anaweza kuchukua ndoo moja ya mama. Tukamruhusu. Tulijiona wema.

Alihamia lile banda la nyuma lililokuwa la kuku. Alilifagia, akachimba shimo lake, akauweka mama humo na kuanza kuukanyaga peke yake. Kila jioni alinawa katika karai lake dogo la bati na kumwaga maji katika shimo lake. Bruda alipotoka hospitali alihuzunika sana, na kila mwezi aliniuliza muda ule ni muda gani. Kila mwezi nilimjibu kwamba tunalitazama. Alihamishwa mwishoni mwa 1989 akiwa bado anauliza. Muda ule umechukua miaka sita na miezi minne. Leo ndiyo mara ya kwanza nauhesabu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hamlijui. Mwaka 1990 tulipaka kuta chokaa kwa ajili ya sherehe ya kiwanda. Magunia ya chokaa niliyaweka mimi ukingoni mwa shimo kubwa, kwa sababu palikuwa karibu na mimi ni mvivu wa kubeba. Gunia moja lilipasuka usiku wa mvua. Niliokota mabonge niliyoyaona, mengine yakazama. Kila mfinyanzi anajua kinachofuata. Punje ya chokaa ikichomwa ndani ya chungu hukaa kimya, kisha hunywa unyevu wa hewa, huvimba na kuubandua udongo. Vyungu mia na ishirini vilikuwa tayari kwenye makasha. Nilikuwa peke yangu stoo nilipoanza kuvisikia vikitoa vipande, kimoja hapa, kingine pale, na viliendelea hivyo wiki mbili. Nyote mliambiwa kwamba udongo wa bondeni umechoka. Aliyewaambia ni mimi.

Ilibidi shimo lote limwagwe. Mama pamoja nalo. Nikaleta lori la udongo kutoka Kimwani, mkaufinyanga, na vyungu vyote vikapasuka miguu kivulini. Mkamlaumu shetani na mkailaumu barabara. Mimi nilijua kinachokosekana, na nilijua kilipo.

Nilikwenda banda la nyuma mchana, mkiwa mmekwenda kula. Ma Eufrazia alikuwa akibandika mguu wa chungu. Nilimweleza habari ya chokaa yote, maana yeye hadanganyiki kuhusu udongo. Nikamwomba mama. Aliniambia nichote katikati na si juu, kwa kuwa juu kumekauka, na niufunike gunia bichi nisije nikauharibu tena. Kisha akaniuliza kama wenzangu wa mbele watakubali kuushika. Nikamjibu kwamba si lazima wajue. Nilisimama pale na toroli langu nikisubiri aseme kitu kibaya, nipate haki ya kuondoka na hasira. Akarudi kwenye mguu wake wa chungu akaulainisha kwa kidole chenye maji.

Nilichota matoroli matatu, nikayamwaga katika shimo kubwa na kuchanganya na udongo wa lori. Mlipoanza kuufinyanga mliusifu. Mlisema udongo wa Kimwani hauna mfano, ni laini, unasikia mkono. Mmoja wenu alitunga hata wimbo wa kuusifu Kimwani, na mimi niliuitikia. Ma Eufrazia aliusikia kutoka kule nyuma. Kwa hiyo nawaambia leo, ndugu zangu, na mnisikie vizuri. Tangu mwaka 1990 hakuna chungu kilichofinyangwa katika kiwanda hiki ambacho hakikutoka kwenye udongo aliokanyaga Ma Eufrazia kwa miguu yake na kunawia mikono yake. Ule tuliouogopa ndio tunaoushika kila siku, ndio umo kwenye kucha zetu sasa hivi, na watoto wetu wamesoma kwa huo. Na yeye kwa miaka minne hakusema neno, kwa kuwa mimi nilimtaka asiseme. Hilo la pili, la kumnyamazisha, linaniuma kuliko la kwanza, la kumtenga. La kwanza tulilifanya kwa woga, na woga tulikuwa nao wote. La pili nililifanya nikijua.

Zuena aliugua mwaka 1991. Nilikwenda kumwona mara moja nikakaa mlangoni. Aliyekuwa akimwogesha na kumgeuza kitandani kwa miezi mitatu, mpaka mwisho, alikuwa Ma Eufrazia, ambaye alimaliza kazi hapa saa tisa na kufika kwa Zuena kabla ya saa kumi. Alikuja na karai lake la bati kutoka banda la nyuma. Nyumba ile ilikuwa na makarai mawili mazuri. Dada yake Zuena alipomwambia hakuna haja ya kubeba la kwake, Ma Eufrazia alimjibu kwamba amezoea. Sisi ndio tuliomzoesha. Nilisikia maneno yale nikiwa pale mlangoni, na sikupata pa kuweka uso.

Kati ya mikono kumi na moja iliyonyooshwa siku ile, leo imebaki mitano. Wale sita walikuwa wenzetu wazuri, nami siwasemi vibaya. Walikufa bila kupata nafasi hii niliyonayo ya kusema kwamba tulikosa. Nawasemea na wao.

Mafanikio ya Ma Eufrazia, kwa kuwa wasifu lazima uyataje, ni haya. Amefinyanga vyungu vya bonsai zaidi ya elfu sita. Amewafundisha wafinyanzi tisa, wanne kati yao kwa kupitia dirisha la banda la nyuma, maana walikuwa wakijipenyeza kwenda kumwuliza na mimi nikijifanya sioni. Ameuokoa udongo wa kiwanda hiki mara mbili, mara moja kutoka vitani na mara moja kutoka kwangu. Kile kijimti cha lubugo cha Bruda Ildefons kina miaka ishirini, urefu wake hauzidi shubiri tatu, na kinaishi katika chungu chake chenye matundu yanayopitisha kidole gumba.

Kesho anarudi Rubya, kwenye kibanja cha mama yake. Tunamshukuru kwa miaka ishirini na mitano na siku kumi na mbili. Tunamwombea afya, migomba minene, senene wa kukaanga wa kutosha kila Novemba, na wajukuu wenye subira ya udongo. Redio ataipokea kwa Mwenyekiti wa Kamati.

Ratiba inasema kwamba baada ya kusomwa wasifu huu ni chakula. Mimi bwana stoo nimeibadilisha. Kabla ya chakula ni karai. Liko nje mahali pake pa siku zote, nimelisugua asubuhi na maji nimechota mwenyewe. Anayeogopa akae ndani, hatalazimishwa na hatachekwa, maana mimi ndiye niliyemfundisha kuogopa. Tukiwa wawili tu tutanawa wawili. Maji yale nitayamwaga shimoni kama zamani, na kesho kazi itaendelea.

Ma Eufrazia, nisamehe. Nimechelewa miaka sita na miezi minne, na muda ule nilioutaka umekwisha. Toka nje, tafadhali, mimi nakufuata. Na karai lako la bati nimeliona umeliweka hapo chini ya kiti. Liache hapo hapo.